Mnataka kumwandikia Jaji Mkuu barua ya kuomba ushauri? Someni hapa kwanza

Swali limetoka kwa mwenyekiti wa kikundi cha wakulima wa parachichi huko Rungwe. Nalifupisha kidogo. Halmashauri imewaletea sheria ndogo ya kutoza ushuru kwa kila kreti inayotoka shambani, msimu bado haujaanza kwa hiyo hakuna aliyetozwa mpaka sasa, ila wao wanaamini sheria hiyo inagongana na sheria mama, yani sheria ya Bunge iliyo juu yake, na pia Katiba. Mwenzao mmoja kasikia Kenya mahakama ya juu kabisa inaombwa ushauri kabla mambo hayajaharibika, basi kikao kikapitisha waandike barua kwa Jaji Mkuu, Mahakama ya Rufani iwashauri. Anauliza: "Mama wakili, hili linawezekana? Na tukijibiwa, halmashauri italazimika kufuata?"

Ugonile mwenyekiti, na mimi nakusalimia kikwetu Iringa, kamwene. Nakujibu kwa urefu maana swali lako sio dogo hata kidogo, na hili wazo la barua nimeshakutana nalo zaidi ya mara moja, hata kwa watu waliosoma.

Kwanza nikutoe wasiwasi wa haraka, barua hiyo msiitume. Sio kwamba ni kosa, hakuna atakayewakamata kwa kumwandikia Jaji Mkuu, ila haitawapa mnachotaka na itawapotezea muda, na muda kwenye kesi kama yenu ndo kila kitu, nitafika hapo.

Sababu ni kwamba Mahakama ya Rufani ya Tanzania haina kazi hiyo. Ilianzishwa 1979 baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani kuvunjika 1977, maana kabla ya hapo rufaa zetu zilikuwa zinaenda kwenye mahakama ya rufani ya pamoja na Kenya na Uganda. Ukifungua Katiba ibara ya 117 utaona kazi yake imeandikwa wazi, kusikiliza rufaa na kuzitolea uamuzi. Rufaa maana yake kuna watu walishagombana huko chini, Mahakama Kuu ikaamua, mmoja hakuridhika, faili likapanda. Hakuna sehemu inayosema raia au kikundi au hata Rais anaweza kuiandikia akasema jamani tuambieni hii sheria ikoje. Serikali ikitaka ushauri wa sheria inaye Mwanasheria Mkuu, ibara ya 59 ndo inamtaja yeye kama mshauri wa Serikali kwa mambo ya sheria. Jaji hayumo humo.

Sasa watu wakisikia hivo wanakasirika, wanasema kumbe mahakama yetu imefungwa mikono. Mi nilifikiri hivo pia nilipokuwa kijana, nikaja kubadilika taratibu, ngoja nikueleze kwa nini.

Kule kwenu mnalo baraza la ardhi la kijiji. Mtu akienda pale akasema wazee naomba mniambie, jirani akivuka mpaka wangu nina haki gani, wazee watamuuliza mpaka upi, jirani yupi, kavuka lini, kapanda nini. Akisema hapana bado hajavuka nauliza tu, watamwambia basi nenda nyumbani ukiona kavuka njoo na yeye aje, tutaenda wote shambani. Sio wavivu hao wazee. Wanajua wakishasema neno leo bila kuliona shamba, na kesho jirani akaja na maelezo yake, watakuwa wameshajifunga mdomo kabla hawajamsikia. Majaji wa nchi nyingi wana hofu hiyohiyo na ni hofu ya haki kabisa.

Marekani ndo mfano wa zamani unaotajwa sana. Mwaka 1793 Ulaya ilikuwa vitani, Rais George Washington akataka kujua mikataba yao na Ufaransa inawabana vipi, waziri wake Thomas Jefferson akawaandikia majaji wa Mahakama ya Juu na maswali 29 yakaandaliwa. Majaji wakiongozwa na John Jay wakajibu kwa adabu kwamba hapana, sisi ni mahakama ya mwisho, hatuwezi kukushauri nje ya kesi, unao mawaziri wako uwaulize. Mpaka leo mahakama ile haitoi ushauri. Australia nayo mahakama yao kuu ilikataa 1921, ikasema pasipo na mgogoro wa kweli wenye watu hakuna kazi ya mahakama. Kwa hiyo Tanzania hatuko peke yetu wala hatuko nyuma.

Upande wa pili wako walioruhusu, na hapo ndo mwenzenu alipata habari yake, hakukosea. Wakenya kwenye Katiba yao ya 2010, ibara ya 163, waliipa Mahakama ya Juu, wengine kule wanaiita Mahakama ya Upeo, uwezo wa kutoa ushauri. Ila mwenyekiti soma vizuri nani anaweza kuomba: serikali kuu, chombo cha dola, au serikali ya kaunti, tena iwe ni jambo linalohusu serikali za kaunti. Mkulima hayumo. Kikundi hakimo. Hata Mkenya wa kawaida akiandika barua kama yenu atarudishiwa. Kanada ni serikali ndo inapeleka swali. India ni Rais, ibara yao ya 143. Kila mahali nilipoangalia mlango wa ushauri umewekwa upande wa ofisi za serikali, raia anaingilia mlango wa kesi. Hili ndo watu wengi hawalioni, wanafikiri mahakama ya ushauri ni mahakama ya wananchi, kumbe ni chombo cha wakubwa kuulizana mambo yao kabla hawajagombana.

Na je ushauri huo unafunga? Hapa nchi zinatofautiana kweli. India mahakama inaweza hata kukataa kujibu, 1994 iliulizwa swali la ule mgogoro wa kidini wa Ayodhya ikalirudisha bila jibu. Kanada kwa sheria ni maoni tu, lakini mwaka 1998 walipoulizwa kama jimbo la Quebec linaweza kujitenga lenyewe bila kukubaliana na wengine, majaji wakasema haliwezi, ila wananchi wake wakisema wazi kwa kura kwamba wanataka kuondoka basi nchi nzima ina wajibu wa kukaa mezani na kuzungumza nao, na neno hilo lilikuwa na uzito mpaka bunge lao likatunga sheria 2000 kulifuata. Cha kuzingatia hapo, serikali ya Quebec ilikataa kushiriki, ikabidi mahakama iteue wakili wa kusimama upande ule kama rafiki wa mahakama. Yani hata wao wanaoruhusu ushauri walijua jaji hawezi kusikia upande mmoja tu.

Kenya wao walienda mbali zaidi, 2013 kwenye mvutano wa Seneti na Bunge la Taifa kuhusu muswada wa mgawanyo wa mapato, mahakama ilisema ushauri wake ni uamuzi kama maamuzi mengine, unamfunga aliyeuliza na mahakama zote za chini. Kwa hiyo ukimuuliza wakili Mkenya atakuambia unafunga, ukimuuliza wa India atakuambia haufungi, wote wako sahihi.

Lakini kuna kisa cha Kenya kinachoniuma na nataka ukijue kabla hujaona wivu. Katiba yao inasema jinsia moja isizidi theluthi mbili kwenye vyombo vya kuchaguliwa. Uchaguzi wa Machi 2013 ulipokaribia Mwanasheria Mkuu wao akaiuliza mahakama, hii kanuni ni ya uchaguzi huu au itekelezwe pole pole? Desemba 2012 majaji wengi wakasema pole pole, ila sheria iwe tayari kufika tarehe 27 Agosti 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga peke yake akapinga, akasema ni sasa hivi. Tarehe ikafika, sheria hamna. Ikapita. Septemba 2020 Jaji Mkuu aliyemfuata, David Maraga, akamshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kutunga hiyo sheria. Hapo usichanganye, ule ni ushauri wa Jaji Mkuu mwenyewe chini ya ibara nyingine, sio maoni ya mahakama nzima. Bunge halikuvunjwa, suala likaingia mahakamani likasimamishwa. Wanawake wa Kenya waliambiwa pole pole mwaka 2012 na mpaka leo wanasubiri. Najiuliza sana, kama ile 2012 angekuwepo mwanamke mmoja mwenye jina, aliyenyimwa nafasi, amesimama pale mbele ya majaji na wakili wake, wangesema pole pole kirahisi hivo? Mi sidhani. Swali lililoletwa na serikali linakuwa halina uso.

Nirudi kwetu. Tunayo historia yetu ya ushauri wa mahakama ya juu, tena iko ndani ya hukumu, na kila mtu anayetaka kuandika barua angeisoma kwanza. Kesi ya mgombea binafsi, yani mtu kugombea bila chama, ya Mchungaji Christopher Mtikila. Alianza miaka ya 90, Jaji Lugakingira wa Mahakama Kuu Dodoma akampa haki, Bunge likabadilisha Katiba kuziba, akafungua tena Mahakama Kuu akashinda tena, Serikali ikakata rufaa. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikakaa majaji saba, na kawaida wanakaa watatu, uone uzito wake. Alafu majaji wenyewe ndo wakaomba ushauri, wakawaita wasomi kama marafiki wa mahakama, wakiwemo Profesa Palamagamba Kabudi na Profesa Jwani Mwaikusa, waje waseme wanachojua. Mwisho wakaamua kwamba suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, Bunge ndo lilitatue, mahakama haiwezi. Serikali ikashinda. Lakini kabla hawajafunga wakatoa neno la ushauri kwa Mwanasheria Mkuu na kwa Bunge, wakiwataka walitafakari lile tamko la Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa kwamba haki ya kugombea isibanwe pasipo sababu ya msingi kwa kumlazimisha mtu awe mwanachama wa chama.

Neno hilo lilitoka kwa majaji saba wa mahakama ya juu kabisa, na chaguzi za 2010, 2015, 2020 na 2025 zote zimepita bila mgombea binafsi. Mtikila alienda mpaka Mahakama ya Afrika pale Arusha ambayo Juni 2013 ilisema haki yake imevunjwa, na yeye akafariki 2015 bila kuona mabadiliko.

Sasa jiulize mwenyekiti, kama ushauri wa majaji saba kwa Bunge ulikaa kwenye kabati hivo, barua ya kuwajibu nyinyi, hata ingekuwepo, mkurugenzi wenu angeifanyia nini? Angesema asante tumepokea. Hata Rais mwenyewe Katiba ibara ya 37 inasema halazimiki kufuata ushauri wa mtu isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka aufuate. Ushauri kwetu ni ushauri. Amri ya mahakama ni kitu kingine kabisa, nayo sisemi inatekelezwa kila siku kwa wakati, kesi ya Rebeca Gyumi kuhusu umri wa kuolewa Mahakama Kuu ilitoa mwaka mmoja 2016 sheria irekebishwe, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019, na mwaka huo uliotolewa ulipita marekebisho hayajaja. Inauma. Lakini kwenye amri una kitu mkononi cha kurudi nacho mahakamani, kwenye ushauri huna.

Naona pia mtu wenu atauliza, basi twende Arusha, si kuna mahakama za kimataifa pale zinatoa ushauri? Zipo kweli. Mahakama ya Afrika inatoa, na Mahakama ya Afrika Mashariki nayo, lakini ile ya Afrika Mashariki wanaoomba ni wakuu wa nchi kwenye mkutano wao, Baraza la Mawaziri au nchi mwanachama, basi. Ya Afrika inapokea kutoka Umoja wa Afrika na vyombo vyake, nchi wanachama, na taasisi ya Kiafrika inayotambuliwa na Umoja huo. Shirika moja la Nigeria liliomba likakataliwa 2017 kwa sababu tu halijatambuliwa na Umoja wa Afrika wenyewe. Chama cha mawakili wa Afrika kilipoomba wakakubaliwa, na Desemba 2020 mahakama ikatoa maoni mazuri sana kwamba sheria za uzururaji, zile za kumkamata mtu kwa kuwa tu anaonekana hana kazi wala pa kwenda, zinapingana na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu. Nilifurahi siku ile, nimeshasimama kwa vijana waliozolewa stendi usiku kwa kosa hilohilo. Ila uone, ilihitaji chama cha bara zima kuuliza. Kikundi cha parachichi hata kiwe na wanachama elfu hakifiki pale kwa njia hiyo.

Na kuna mwingine atakayewatajia Mahakama Maalum ya Katiba, ipo kwenye ibara ya 125 kuendelea. Hiyo ni ya ugomvi kati ya Serikali ya Muungano na Serikali ya Zanzibar juu ya tafsiri ya Katiba, nusu ya wajumbe wanateuliwa na upande huu nusu na upande ule. Haiwahusu, msipoteze nauli.

Basi njia yenu ni ipi.

Njia yenu inaanzia hapohapo Tukuyu na kama mambo hayakwisha inakuja Mahakama Kuu Mbeya. Kwanza mniambie hiyo sheria ndogo imeshachapishwa kwenye Gazeti la Serikali? Muombe namba ya Tangazo la Serikali kwa maandishi, ombeni na kopi ya idhini ya waziri wa TAMISEMI, maana sheria ndogo ya halmashauri bila idhini ya waziri na bila kutangazwa bado ni karatasi tu. Muulize pia wananchi walitangaziwa lini ili watoe pingamizi, na muhtasari wa kikao cha madiwani kilichoipitisha uko wapi. Nimeona sheria ndogo ya halmashauri moja ikidondoka kwenye hatua hii tu, mteja wangu alikuwa amejiandaa kupigana na Katiba nzima kumbe tangazo lenyewe halikuwepo.

Pili muangalie sheria mama. Tangu 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa ukawa asilimia 3 na wa mazao ya chakula asilimia 2. Hiyo ya kwenu ni kwa kreti, kwa hiyo mnatakiwa mpige hesabu, kreti moja ya parachichi aina ya Hass kwa bei ya shambani ni shilingi ngapi, na ushuru wanaotaka ni asilimia ngapi ya hapo. Na anayetakiwa kulipa ni nani, nyinyi au mnunuzi? Sheria ndogo haiwezi kuipita sheria ya Bunge, na hoja hiyo ni nyepesi kuishinda kuliko ya Katiba, mawakili wengi tunapenda kukimbilia Katiba kwa sababu inasikika kubwa lakini jaji akiweza kumaliza kesi kwa sheria ya kawaida ataimalizia hapo.

Tatu ndo muda. Maombi ya mapitio ya mahakama, yani kuiomba Mahakama Kuu itengue uamuzi wa halmashauri, unaanza na kuomba kibali na kibali hicho kinaombwa ndani ya miezi 6 tangu uamuzi ulipotolewa. Mkikaa mnasubiri majibu ya barua kutoka Dar es Salaam au Dodoma miezi hiyo inaisha mkiangalia simu. Mkitaka kufungua kesi ya kawaida ya madai, kuna notisi ya siku 90 kwanza na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Na kama mnataka kwenda kwa haki za msingi za kwenye Katiba, chini ya ile sheria ya 1994 ya kuzitekeleza, mwaka 2020 Bunge liliongeza sharti kwamba anayefungua aape kiapo kueleza alivyoathirika yeye binafsi. Marekebisho hayo yenyewe yalipingwa mahakamani kwa hiyo wakili wenu asome kifungu kilivyo siku ya kufungua, ila nyinyi hata likiwepo haliwazuii, nyinyi ni wakulima wenyewe, shamba lenu, kreti zenu.

Na hapo ndo nakuja kwenye jambo ninalotaka sana ulisikie. Unaniambia bado hakuna aliyetozwa, kama vile ni udhaifu. Kwa mapitio mnaweza kwenda na uamuzi wenyewe, lakini siku gari la kwanza likisimamishwa kwenye geti la ushuru na mtu wenu akalipa, huyo mtu ni wa thamani kuliko barua yoyote. Alipe, asigombane na kijana wa geti, achukue risiti, aandike tarehe, saa, idadi ya kreti, namba ya gari, alimuuzia nani kwa shilingi ngapi na akabaki na nini. Mama mwenye miti yake arobaini aliyelipa ushuru kuliko faida, akisimama pale mbele ya jaji na risiti yake, mahakama inaona kitu ambacho hakuna rais wala Mwanasheria Mkuu aliyewahi kukipeleka kwenye maombi ya ushauri. Na kesi hiyo ikipanda, mtakutana na Mahakama ya Rufani hiyohiyo mnayotaka kuiandikia, inakuja kukaa vikao Mbeya, na itatakiwa kuwajibu kwa uamuzi.

Kwa hiyo muhtasari wa kikao chenu ubadilisheni, pale palipoandikwa barua kwa Jaji Mkuu andikeni barua kwa mkurugenzi wa halmashauri kuomba nakala ya sheria ndogo, idhini ya waziri na namba ya tangazo. Iende wiki hii, igongwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na hiyo nakala muiweke kwa katibu, sio kwako mwenyekiti, maana wewe unasafiri sana na mizigo.

Alafu unitumie tarehe ambayo baraza la madiwani liliipitisha, nihesabu miezi.